Hedhi haionekani, lakini kila mwezi mkojo una damu: je, hii ni fistula?

Wifi wa Sengerema
Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu wifi yangu mwenye umri wa miaka 29, ambaye alijifungua kwa upasuaji miezi kumi iliyopita, ukiwa upasuaji wake wa pili wa aina hiyo. Tangu mtoto alipofikisha miezi minne, kila baada ya wiki nne hivi mkojo wake huwa na damu kwa siku nne au tano, kisha husafika wenyewe. Hedhi ya kawaida hajaiona tangu ajifungue. Havuji mkojo, hana homa, na kipimo cha ujauzito hakikuonyesha mimba. Kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa, kituo cha kwanza kilimpa dawa za kichocho, cha pili kikampa antibiotiki, na kuhusu hedhi akaambiwa kuwa ni kwa sababu ananyonyesha. Nimesikia kuwa kuna fistula, yaani tundu lisilo la kawaida, inayounganisha mfuko wa uzazi na kibofu, lakini fistula tunayoijua sisi ni ya kulowa mchana na usiku. Je, mtu aliye mkavu anaweza kuwa na fistula?

Mkunga Mstaafu
Anaweza, mwanangu. Wodini niliwahudumia wengi waliolowa, na mkavu nilimwona mmoja tu, naye pia alikuwa amekunywa dawa za kichocho zaidi ya mara moja kabla ya mtu yeyote kumuuliza tarehe. Mwambie wifi yako aandike siku ambayo damu inaanza na siku inayokoma, kwa miezi miwili au mitatu. Kichocho hakifuati kalenda.

Daktari wa Wanawake
Dada, ulichokieleza kinafanana sana na hali iliyoelezwa na Youssef, daktari wa Misri, mwaka 1957: mwanamke aliyepasuliwa sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, hedhi yake haitoki ukeni bali hupitia kibofuni, na mkojo hauvuji. Ukavu huo una sababu. Tundu huwa juu ya mlango wa kizazi, na misuli ya sehemu hiyo hubana kama kifundo. Isitoshe, shinikizo ndani ya mfuko wa uzazi kwa kawaida hulizidi la kibofu, hivyo damu huelekea kibofuni na mkojo haurudi nyuma. Si wote walio hivyo, kwani wapo wanaopata hedhi kwa njia zote mbili, na wapo ambao hedhi yao hutoka ukeni kama kawaida huku mkojo ukivuja.

Chanzo kikuu ni upasuaji wa kujifungua, hasa unaorudiwa. Kovu la awali hukifanya kibofu kishikamane na mfuko wa uzazi. Kisiposhushwa vya kutosha, kinaweza kuchanika bila kuonekana, au sindano ya kushonea ikapita kwenye ukuta wake. Vyanzo vingine ni kupasuka kwa mfuko wa uzazi wakati wa uchungu, kondo la nyuma lililoota hadi kibofuni, kitanzi kilichotoboa, kifua kikuu cha viungo vya uzazi, na mionzi ya kutibu saratani.

Binafsi naona kilichowapoteza wenzetu ni kuigawa dalili moja vipande viwili. Damu kwenye mkojo, ikitazamwa peke yake kando ya ziwa, ni kichocho. Kukosa hedhi kwa mama anayenyonyesha ni jambo la kawaida. Viweke pamoja, juu ya kovu la upasuaji, na picha inabadilika kabisa.

Wifi wa Sengerema
Asante sana, daktari, na shikamoo mama mkunga. Kuna jambo nililisahau. Hospitali moja ilimjaza kibofuni maji yenye rangi ya buluu na kumwekea pamba ukeni; pamba haikubadilika rangi, wakatuambia hakuna fistula.

Daktari wa Wanawake
Kipimo hicho ni kizuri kwa tundu kati ya kibofu na uke. Kwa huyu, rangi haishuki kwa sababu ile ile inayozuia mkojo kushuka, kwa hiyo pamba nyeupe haiondoi shaka. Njia ni kugeuza mwelekeo: rangi iingizwe kwenye mfuko wa uzazi kupitia mlango wa kizazi, kisha mkojo utazamwe kwa mpira wa mkojo. Vilevile dawa ya picha inaweza kuingizwa humo na kupigwa eksirei ya ubavuni, ambayo huonyesha ikipenya mbele hadi kibofuni. Kamera ya kibofu husaidia kuliona tundu, ambalo mara nyingi huwa ukuta wa nyuma, na ni rahisi zaidi kuligundua siku za damu. Ultrasaundi ya kawaida inaweza isione kitu. CT skani yenye dawa ni bora, na huonyesha pia kama mrija wa figo umeumia. Uvimbe wa kibofu na endometriosisi ya kibofu (tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota kibofuni) navyo vichunguzwe, kwani endometriosisi pia hutoa damu kwa mwezi, ingawa hedhi ya ukeni kwa kawaida huendelea.

Mama Watatu
Fistula yangu ilitokea kwenye ngozi ya tumbo. Kidonda cha upasuaji kilifunga, kisha kila mwezi kikawa kinatoa damu, na kwa karibu mwaka mzima nilisafishwa kama mwenye jipu. Hatimaye walipitisha dawa ya picha kwenye kitundu cha ngozi, ikaonekana ikiingia hadi kwenye mfuko wa uzazi.

Wifi wa Sengerema
Pole sana, dada. Daktari, tuombe rufaa kwa nani, wa mkojo au wa wanawake?

Daktari wa Wanawake
Hospitali ya rufaa yenye wote wawili; kwenu iliyo karibu ni Bugando, Mwanza. Barua itaje tarehe za upasuaji wote, tarehe za damu alizoandika, na kwamba kipimo cha rangi kilifanywa kupitia kibofu tu. Mwende, ikiwezekana, siku ya kwanza au ya pili ya damu.