Mrejesho: maji ya akiba kwenye deikea

Asanteni sana kwa majibu. Niliuliza tuhifadhi vipi maji kwenye deikea yetu hapa Umoja, watoto wa mwaka 1 hadi 3, kwa kuwa mfereji hutoa maji siku chache tu kwa wiki. Ndoo za wazi tumeziondoa kabisa. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kwa kimo chake. Akiinama kuchungulia anapinduka na hawezi kujinyanyua. Maji ya sentimita 5 yanatosha kumzamisha, tena kimyakimya.

Sasa tunatumia mitungi ya lita 20 yenye mdomo mwembamba na kifuniko cha kuzungusha, yote jikoni. Pipa lenye mfuniko wa kuwekelea tu halifai: mtoto akiuegemea, unateleza. Mlangoni fundi ametia kigeti cha mbao, komeo upande wa jikoni. Mwanzoni alipigilia fito za kulala. Tukamwomba azisimamishe, maana za kulala mtoto hupanda kama ngazi.

Bado beseni la kuogeshea linanipa wasiwasi. Tumekubaliana limwagwe na kuinamishwa mtoto akiwa bado mkononi, si baada ya kumvalisha.