Naomba ushauri: ngozi nyeusi inatoka ya kijivu kwenye potreti

Habarini wapiga picha wenzangu, naombeni msaada. Wateja wangu wengi ni wadada weusi tii, sasa nikiiachia kamera ipime mwanga yenyewe inavuta ngozi kwenye kile kijivu cha 18% (kijivu cha kati ambacho kamera inakichukulia kama wastani), dada anatoka kama kapakwa majivu. Nimeshusha ekspoja (kiasi cha mwanga kamera inachopokea), weusi umerudi ila nywele zimemezwa na bakgraundi, nikipiga flashi ya mbele ndo paji la uso na pua vinameremeta balaa. Kung'arisha ngozi kwenye kompyuta sitaki, mbona mpiga picha Zanele Muholi wa Afrika Kusini anakoleza weusi wake makusudi na picha ni kali balaa! Taa moja ya pembeni na rifleka (ubao wa kurudisha mwanga) vinatosha kweli? Na mteja akisema "nifanye mweupe kidogo" mnamjibuje bila kumkwaza?