Ukoo wa Bi Mkubwa, Kisauni

[Jumapili usiku]

Da Zuhura: Asalaam aleikum. Nakumbusha tena, Alhamisi saa tatu asubuhi tukutane ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi. Kujiandikisha na kuhamisha vituo. Mje na kitambulisho chenyewe, si picha ya kwenye simu. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Nipeni majina.

Da Zuhura: Mmesoma watu 22. Majina ninayo mawili, langu na la mume wangu.

Swaleh: Da, mimi usinihesabu. 25 Juni 2024 nilikuwa barabarani kwa ule Mswada wa Fedha. Siku ile ile polisi wetu wanatua Haiti kulinda mji wa watu, huku vijana wanapigwa risasi Nairobi. Kesho yake mswada ukaondolewa, tukashangilia. Julai mawaziri wakafutwa, mwezi haujaisha sura kadhaa zile zile zikatajwa tena, na wa upinzani pamoja nao. Nikampigie kura nani?

Mwanaidi: Swaleh siku ile ulirudi na kiatu kimoja 😂

Hamisi: Cha kushoto! Mpaka leo kiko kwa mama

Swaleh: Jamani nasema habari ya watu waliozikwa.

Mwanaidi: Samahani kaka.

Da Zuhura: Ndiyo maana nawasumbua. Hasira mnazo, kwenye daftari la wapiga kura hammo.

Ami Salim: Hata tuchague malaika. Tangu mwisho wa 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, mizigo mingi imezungushwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Mteja wangu wa vipuri nauli ilimpanda, akasimama ofisini kwangu ananiuliza mimi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, wenye veto, kura ya kuzuia, ni watano, Afrika nzima haina hata mmoja.

Da Zuhura: Ami, kwa heshima zote, 2022 uliahidi kumpeleka Bibi Likoni kupiga kura.

Ami Salim: Gari liliharibika.

Da Zuhura: Na 29 Agosti, tuliporudi kumchagua gavana baada ya karatasi za kura kuchanganywa? Liliharibika tena?

Ami Salim: Hayo tuliyamaliza arusini.

Mwanaidi: Hayakumalizwa.

Hamisi: Nani ana namba ya fundi wa friji?

Mwanaidi: Subirini. Bibi yuko hapa, amesema niandike kama anavyosema.

Mwanaidi (kwa Bibi): Nimepiga kura tangu 1963. 1988 tulipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, mchana kweupe, na mwenye mstari mfupi akatangazwa ameshinda. Nilikuwa kwenye ule mrefu. Basi habari ya wizi msinifundishe. 2022 nilivuka feri peke yangu, mashine ikakataa vidole vyangu, vimekwisha kwa kusuka ukili. Karani akanifuta kidole kwa kitambaa mara tatu mpaka kikasoma. Sasa nakaa Kisauni, nataka kura yangu ihamie huku. Nani atanipeleka?

[Saa nne na nusu]

Ami Salim: Shikamoo mama. Nitakuja.

Da Zuhura: Alhamisi?

Ami Salim: Alhamisi nina meli. Tuseme Ijumaa.

Da Zuhura: Ijumaa asubuhi au baada ya swala? Ami?

Swaleh: Bibi nitampeleka mimi hiyo Alhamisi. Kumpeleka tu.

Da Zuhura: Allah akujaze kheri. Na kitambulisho chako uje nacho.

Da Zuhura: Swaleh?

Hamisi: Fundi wa friji jamani, samaki wanaharibika