North Carolina 2022, viti 7 kwa 7: ilikuwa haki, au majaji walijifanya bunge?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za saa hizi. Kuna hoja inarudi kila Marekani inapokaribia uchaguzi wa katikati ya muhula, ule unaofanyika miaka miwili baada ya rais kuchaguliwa: kwamba kuchora mipaka ya maeneo bunge ni kazi ya wabunge, wao ndio wenye ridhaa ya wananchi, majaji wakae pembeni. Mimi naipinga, na mfano wangu ni North Carolina, maana pale pamechorwa na kuchorwa upya mpaka mtu unachoka kuhesabu.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema jimbo, ni North Carolina yote. Nikisema eneo bunge, ni kipande kinachotoa mtu mmoja wa Baraza la Wawakilishi. Wabongo mnivumilie, najua kwenu jimbo ndiyo hicho kipande.

Sasa hesabu. Novemba 2022 kulikuwa na kiti cha Seneti, ambacho hupigiwa kura na jimbo zima bila mipaka ya ndani. Ted Budd wa Republican alimshinda Cheri Beasley wa Democratic kwa asilimia 50.5 dhidi ya 47.3. Pointi tatu na ushee. Siku hiyohiyo viti 14 vya Baraza la Wawakilishi vikagawanyika 7 kwa 7. Haya, nenda 2024: Trump analichukua jimbo kwa pointi tatu na ushee zilezile. Viti? Republican 10, Democratic 4. Wapigakura walewale, mzani uleule, ila Oktoba 2023 bunge la jimbo lilikuwa limeshachora ramani nyingine.

Ramani ya 2022 haikuchorwa na wabunge. Februari mwaka ule Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa majaji 4 dhidi ya 3, iliitupa ramani ya bunge, na iliyotumika ikachorwa na wataalamu walioteuliwa na mahakama, kwa uchaguzi huo mmoja tu. Halafu (na hapa ndipo utamu ulipo) kwenye karatasi ileile ya Novemba, watu wakachagua pia majaji wawili. Wote wawili Republican. Mahakama ikageuka kutoka 4–3 upande wa Democratic ikawa 5–2 upande wa Republican. Mapema 2023 ikakubali kuisikiliza kesi ileile upya, na tarehe 28 Aprili ikafuta uamuzi wake wenyewe. Mpigakura mmoja, kalamu moja, dakika tano ndani ya kibanda: juu ya karatasi anachagua mwakilishi kwa ramani fulani, chini anachagua watakaoitupa.

Msimamo wangu: kumpa mbunge kalamu ya mipaka ni kumpa mchezaji kazi ya kupaka chokaa uwanja. Karibuni.

Mzee wa Katiba

Umeeleza vizuri, lakini umeruka jambo. Katiba ya Marekani, ibara ya kwanza, inasema namna ya kuwachagua wawakilishi itapangwa na bunge la kila jimbo. Bunge, ndugu yangu. Majaji wa 2022 walitegemea nini hasa? Katiba ya North Carolina ina sentensi moja: chaguzi zote zitakuwa huru. Maneno manne. Kutoka kwenye maneno manne wakatoa vipimo vya kitakwimu vya ramani gani imezidi upendeleo na ipi haijazidi. Huko si kutafsiri, ni kutunga.

Pili, hao majaji unaowaona wamevaa majoho ni wanasiasa pia. Wanagombea na jina la chama limeandikwa kando ya jina lao. Wanne wa Democratic waliitupa ramani, watatu wa Republican wakaipinga hukumu. Mwaka uliofuata watano wakaifuta hukumu ile, wawili wakapinga. Unaona sheria hapo? Mimi naona vyama. Sasa kama ni vyama kwa vyama, afadhali bunge, lina watu 170 katika nyumba mbili wanaojibu kwa wananchi.

Tatu, hiyo 7–7 yenyewe. Chama kilichoshinda jimbo kwa pointi tatu kinatoka sare? Ningekuelewa ungeniambia 8 kwa 6.

Dereva wa I-85

Mi huwa nasoma tu, ila hapa mmenigusa. Barabara hii naijua kuliko korido ya nyumbani kwangu, Charlotte mpaka Durham, mzigo nyuma, kahawa mbele. Miaka ya tisini eneo bunge namba 12 lilikuwa linaifuata I-85 hii hii, kilomita zaidi ya 250, sehemu nyingine halipanuki kuliko barabara yenyewe. Kuna mjumbe wa bunge la jimbo alitania kwamba ukiendesha gari na milango yote miwili imefunguliwa, utaua watu walio wengi wa eneo lile. Utani huo ukaingia mpaka kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1993.

Na nani alilichora? Democratic. Wakati huo bunge lilikuwa lao. Kwa hiyo Mwanzisha mada usituletee malaika. Nenda Illinois uone: Democratic walichora 2021, na 2022 hiyo hiyo wakachukua viti 14 kati ya 17. Mwenye kisu ndiye mla nyama, rangi ya chama haina kazi.

Mwanzisha mada

Dereva, sijaleta malaika popote. Illinois ni uchafu uleule. Lakini ukisema wote wachafu halafu ukaishia hapo, umempa ruhusa aliye na kisu leo.

Mzee wa Katiba, kuhusu majaji kuwa na vyama nakubali, tena umenipiga pabaya. Ibara ya kwanza nakataa. Hoja hiyo ndiyo viongozi wa bunge la North Carolina waliipeleka Washington, kwamba katika mambo haya bunge halichungwi na mahakama za jimbo. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa, 6 kwa 3. Bunge linachora, ndiyo, lakini liko chini ya katiba ya jimbo kama mtu mwingine yeyote.

Sasa 8–6. Usihesabu matokeo peke yake, angalia maeneo yenyewe. Namba 13, kusini mwa Raleigh kwenda Johnston, Wiley Nickel alimshinda Bo Hines kwa pointi kama tatu. Upepo ungevuma kidogo tu, hiyo 8–6 yako ingekuwepo bila mtu kugusa mstari. Ramani ya 2024? Kati ya viti 14 kimoja tu kilikuwa na presha ya kweli, namba 1 ya kaskazini-mashariki, Don Davis alipopona kwa chini ya pointi mbili. Vingine 13 ungeweza kuandika majina ya washindi mwezi wa nane ukaenda kulala. Watatu wa Democratic waliokuwa wanashikilia viti, Manning, Nickel na Jackson, waliangalia ramani mpya na hawakutetea viti vyao. Hawakungoja kushindwa na mpigakura.

Mama Greensboro

Jameni mnaongea hesabu, mimi naongea kadi. Nimetoka Kivu, nina uraia, naishi Greensboro nyumba ileile tangu niingie. Kila mpaka ukibadilika, ofisi ya uchaguzi ya kaunti inatuma kadi kwa posta, ngumu kidogo, imeandikwa kituo chako na namba za maeneo yako. Ninazo tatu kwenye droo ya jikoni. Ya kwanza eneo bunge namba 13. Ya pili namba 6. Ya tatu ikaja na namba nyingine tena. Nyumba haijasogea hata hatua moja, mwembe ningekuwa nao nisingesema umesogea!

Mwaka 2022 kaunti yetu ya Guilford ilikuwa nzima ndani ya namba 6. Nilijua mwakilishi wetu ni nani na ofisi yake iko wapi. Ramani ya 2023 ikaikata kaunti vipande vitatu, kila kipande kikaunganishwa na mashamba na miji ya mbali.

Na kabla ya hapo, 2016 mpaka 2018, msisahau chuo cha North Carolina A&T, chuo kikubwa kuliko vyote vya kihistoria vya watu weusi Marekani. Mpaka ulipita katikati ya chuo, kwenye barabara ya Laurel. Upande huu namba 6, upande ule namba 13. Mwanafunzi analala kwa mwakilishi mmoja, anavuka barabara na begi lake, anasomea kwa mwingine. Wote wawili Republican. Nilizoea kupita pale. Hakuna ukuta, hakuna mto, ni barabara ndogo tu ya kuvukia. Na huyo wa namba 13 alikuwa Ted Budd, huyo huyo wa Seneti mnayemtaja juu.

Mzee wa Katiba

Mama, shikamoo. La A&T silitetei, lile lilikuwa baya. Lakini lazima liwepo jibu la jiografia. Wapigakura wa Democratic wamejazana Charlotte, Raleigh, Durham. Hata ukimpa mtoto asiyejua vyama achore maeneo ya mraba yenye watu sawa, Democratic watashinda mijini kwa asilimia 70, na hizo za ziada zinapotea bure. Si kila pengo ni ujanja.

Mama Greensboro

Marahaba baba. Mtoto asiyejua vyama hawezi kupata barabara ya Laurel.

Mwenye Mashaka, Mombasa

Mnachozunguka ni tume huru. Kwetu Kenya wabunge hawachori, IEBC ndiyo inachora. Tena sheria yetu haidai watu sawasawa kama huko kwao ambako kila eneo ni watu kama 745,000. Kwetu tofauti ya asilimia 30 inaruhusiwa, na 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache.

Dereva wa I-85

Na tume yenu imechora lini mara ya mwisho? 2012. Muda wa katiba ulifika Machi 2024 tume haina hata kamishna mmoja. Tume huru nzuri, ila iwepo kwanza.

Mwenye Mashaka, Mombasa

Hapo umenipata. Swali jingine basi: kura zenyewe haziibiwi huko? Nasikia North Carolina walirudia uchaguzi.

Mwanzisha mada

Walirudia, na nashukuru umeuliza. Ni uchaguzi wa katikati ya muhula wa 2018, eneo bunge namba 9. Mark Harris wa Republican aliongoza kwa kura 905. Ikagundulika watu wa kampeni kaunti ya Bladen walikuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya kura za posta, kitu ambacho sheria inakataza, nyingine zikajazwa na mikono isiyo ya wenyewe. Februari 2019 bodi ya uchaguzi ikakaa siku kadhaa kusikiliza mashahidi. Mmoja alikuwa mtoto wa Harris mwenyewe, mwanasheria wa serikali, akaeleza alivyomuonya baba yake kuhusu wakala aliyeongoza ukusanyaji huo, baba kakaa palepale analia. Kesho yake Harris akasema urudiwe, bodi ikapiga kura 5 kwa 0. Yeye hakushtakiwa. Septemba ukarudiwa, Republican wakashinda na mgombea mwingine, Dan Bishop. Harris mwenyewe akaingia Bungeni 2024 kupitia namba 8.

Sasa linganisha. Kura mia kadhaa za posta zilisimamisha kiti karibu mwaka mzima, nchi nzima ikatazama. Mwaka huohuo 2018, kwa jimbo zima, Democratic walipata karibu nusu ya kura na wakaambulia viti 3 kati ya 13 vilivyokuwepo wakati ule. Hilo halikuhitaji kubisha hodi kwa mtu. Mwaka 2016 mjumbe David Lewis alisimama kwenye kamati akasema wazi anapendekeza ramani ya 10 kwa 3 kwa sababu haoni kama 11 kwa 2 inawezekana. Kwenye kipaza sauti! Na Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa ramani hiyohiyo, ikasema 5 kwa 4 kwamba upendeleo wa chama si kazi ya mahakama za shirikisho, nendeni kwenye katiba za majimbo. Wakaenda. Ndiyo hadithi niliyoanza nayo.

Mzee wa Katiba

Na gavana? Kwa nini hamumsemi gavana?

Mwanzisha mada

Kwa sababu North Carolina gavana hana kura ya turufu kwenye mipaka. Roy Cooper wa Democratic alikuwa ofisini 2023, akaangalia tu. Josh Stein naye Oktoba 2025 hivyohivyo, bunge lilipochora tena, katikati ya muongo, bila sensa mpya. Safari hii wamebadilishana kaunti kati ya namba 1 na namba 3 ili hicho kiti kimoja chenye presha nacho kielekee upande wao kwa 2026. Vile viti 11 ambavyo Lewis hakuona kama vinawezekana, sasa wanavitafuta: 11 kwa 3, maana viti sasa ni 14.

Mzee wa Katiba

Texas na California nao wamechora mwaka huohuo 2025. Kwa hiyo North Carolina ijifunge mikono wenzake wakipigana?

Dereva wa I-85

Hiyo ndiyo lugha niliyokuwa naisema. Kila mmoja anasema mwenzake kaanza.

Mama Greensboro

Kadi yangu safari hii haijabadilika, ni zamu ya watu wa mashariki. Kuna aliye na ndugu Wilson au Goldsboro? Aniambie kama ya kwao imefika, na imeandikwa namba gani.