Kikundi kilichoharibu Kinjeketile hapa Arusha: toeni jina langu kwenye kazi yenu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Huwa napita humu nasoma nyuzi za wenzangu na kuondoka zangu. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ijumaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu 38 wa kidato cha tatu kutazama Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, ikichezwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, na nilichokiona jukwaani kimenitia hasira ambayo mpaka leo Jumanne haijashuka. Sitaji jina la kikundi wala la mtu. Wenyewe wanajijua, na najua humu wanapita.

Nieleze kwanza nilivyoingia. Miezi mitatu iliyopita mwongozaji alinifuata shuleni. Aliambiwa kuna mwalimu wa Kiswahili anayeipenda sana tamthiliya hiyo. Akaniomba nikae na waigizaji niwasaidie upande wa lugha, kwa sababu vijana wengi ni wa huku huku, Ngarenaro, Kijenge, Sakina, na Ebrahim Hussein ni mtu wa Kilwa, Kiswahili chake kina mapigo yake. Nikakubali, wala sikuuliza habari ya posho. Nikamwazima na kitabu changu, nakala niliyoinunua nikiwa chuo cha ualimu, ambayo pembezoni mwa kurasa imejaa maandishi yangu ya miaka zaidi ya ishirini. Kila Jumamosi napanda kifodi nakwenda mazoezini, narudi jioni watoto wameshakula.

Na vijana walijituma, nisiwanyime haki yao. Yule aliyecheza Kitunda, rafiki wa Kinjeketile, alikuwa anakuja amechoka kutoka kwenye kazi ya kubeba mizigo Soko la Kilombero, anakaa chini, anafungua muswada, na sentensi zinamtoka kama zimetungwa kwa ajili ya mdomo wake. Wapiga ngoma vilevile. Malalamiko yangu hayawahusu hao hata kidogo. Yanawahusu watu wanne au watano ambao majina yao yameandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele wa kijitabu cha onyesho: mwongozaji, mbunifu wa jukwaa, mbunifu wa maleba, mtu wa taa, na yule waliyemwita mshauri wa hadhira, cheo ambacho mimi nilikiona kwa mara ya kwanza usiku ule.

Wiki mbili za mwisho niliambiwa nipumzike, kazi ya lugha imekwisha, sasa ni zamu ya watu wa jukwaa. Sikuwa na wasiwasi. Nikachangisha wanafunzi shilingi 5,000 kila mmoja. Wapo watoto watatu wazazi wao hawakuweza, nikawalipia.

Taa zikawaka. Wamatumbi wa Ngarambe wakatoka wamevaa shuka nyekundu za Kimasai.

Nilidhani nimeona vibaya. Kinjeketile mwenyewe ana shuka ya lubega, shanga shingoni, rungu mkononi, na nyuma yake vijana wanaruka juu kama wanavyoruka morani mbele ya hoteli wageni wakifika. Jamani, Ngarambe iko Rufiji! Hawa ni wakulima waliolazimishwa kulima pamba ya Mjerumani huku mashamba yao ya chakula yakilala. Niliwaeleza hayo mazoezini kwa kinywa changu. Niliwaambia kuhusu kaniki, nikawaambia wapiganaji walivyojifunga mabua ya mtama kichwani. Mbunifu wa maleba aliandika kila kitu kwenye daftari, nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Asije mtu hapa akasema ninawadharau Wamasai. Nimeolewa kwa Waarusha, mama mkwe wangu anavaa shuka yake na shanga zake, na kila rangi iliyo shingoni pake anaweza kukueleza imekaa pale kwa nini. Ndiyo maana inaniuma mara mbili. Mmatumbi amenyang'anywa vita yake, na Mmasai amegeuzwa pambo. Nilipouliza siku ya pili nikajibiwa kwamba nusu ya viti vya mbele vilikuwa vimenunuliwa na kampuni ya utalii, na mgeni akija Arusha anategemea kuona kitu anachokitambua.

Sasa njooni kwenye maji.

Vita yenyewe inaitwa Maji Maji. Bila maji hakuna tamthiliya. Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana, anazama mtoni, watu wanamkatia tamaa, kisha anaibuka na dawa. Dawa ile kwa kumbukumbu za historia ilikuwa maji, mafuta ya nyonyo na mtama, vitu vya jikoni kwa mama yeyote wa kusini, na uzito wote uko hapo: mtu anakabidhiwa vitu anavyovijua tangu utoto, anaambiwa vitageuza risasi kuwa maji, na anaamini kwa sababu amechoka kuonewa. Nilimwambia mwongozaji, weka beseni la maji ya kweli, wasikilizaji wayasikie yakimwagika juu ya kichwa cha mtu. Ukumbi ukinyamaza, sauti ile inatosha.

Hapakuwa na tone la maji. Kinjeketile alitoa kibuyu kilichozungushiwa shanga, akatumbukiza mkono, akarusha ule unga wa kumeremeta unaorushwa harusini bibi harusi anapoingia. Taa za bluu na zambarau zikaanza kuzunguka. Watu wakapiga vigelegele. Unga ukatua mpaka safu tulizokaa sisi. Jana asubuhi wanafunzi wangu wamesimama mstarini, baridi ya Meru imewashika, na sweta za shule bado zinang'aa mabegani. Mwalimu wa zamu akauliza hawa walikuwa kwenye harusi ya nani. Sikuwa na la kumjibu.

Hata hayo ningeweza kuyameza. Kuna mawili siwezi.

La kwanza, wamekata mahali pa Seyyid Said. Mliosoma mnakumbuka. Kinjeketile anatoa ujumbe wa kuwaunganisha watu, na ndani yake kuna ahadi kwamba wote watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka akaelezwa alichosema, anashtuka. Yaani tumtoe Mjerumani tuingie kwa Sultani wa Unguja? Hapo ndipo mtu yule anakuwa mtu, anaanza kuogopa maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Ukiondoa sehemu ile, anabaki mganga tu mwenye sauti nzito. Na wameiondoa. Eti itawachanganya wageni na ina siasa. Tamthiliya ya kupigania nchi ikose siasa, ibaki na nini?

La pili ni mwisho, na hapa naomba mnivumilie.

Kinjikitile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mapigano yaliendelea mpaka 1907. Ebrahim Hussein alilijua hilo, na kwenye utangulizi alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, hata jina akaliandika kwa tofauti ndogo. Kisha akafanya jambo kubwa: akamwacha hai mpaka watu washindwe. Kwa nini? Ili afungwe, apigwe, na rafiki yake Kitunda amsihi atamke kwamba maji yalikuwa uongo, aokoe roho yake. Na akatae. Akatae akijua fika kwamba maji hayakumzuilia mtu risasi, kwa sababu siku akisema ni uongo, Mjerumani atalichukua neno hilo alitembeze nchi nzima kwamba kupigania ardhi yenu lilikuwa kosa, na wajukuu watakua wakiamini hivyo. Mwandishi aliipinda historia kwa ajili ya dakika zile chache tu. Kitabu kilichapwa 1969 na mpaka leo mtu akifika pale anafunga kitabu anatazama ukuta.

Ijumaa usiku Kinjeketile alipiga magoti mbele ya ofisa akasema, "Nisameheni, nilidanganya." Ofisa akamfungua kamba. Ngoma zikalia, kundi zima likaingia na shuka zao, wakaruka, wakaimba, wakashuka kuwashika mikono waliokaa mbele wacheze nao.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti mkimya ambaye darasani hanyanyui mkono, akanigeukia. "Madamu, kumbe alikiri?"

Nilimfundisha kwa wiki tatu kwamba hakukiri. Ameandika insha juu ya hilo, nimemsahihishia mwenyewe. Na sasa amekiona kwa macho yake kikitokea, kwa taa na kwa ngoma, na kitu alichokiona mtoto kina nguvu kuliko alichosomewa. Kwenye basi kurudi niliongea mpaka sauti ikakauka. Wengine walinielewa. Wengine waliniangalia kama mtu anayebishana na televisheni.

Nilimtafuta kijana aliyecheza Kinjeketile. Alikuwa nyuma ya ukumbi anajifuta rangi usoni kwa tishu, hakuweza kunitazama. Akaniambia, "Madamu, walitubadilishia Jumatano. Tulivyouliza tukaambiwa asiyetaka aache, wapo wengi wanaosubiri." Posho yake ya maonyesho yote ilikuwa bado hajapewa. Ningekuwa na umri wake na kodi ya chumba inanidai, labda na mimi ningepiga magoti.

Najua wapo mtakaosema sanaa ni huru, mwongozaji ana haki ya kusoma kazi kwa jicho lake. Nakubali kabisa. Anayetaka kuileta Kinjeketile huku kaskazini, mlango upo wazi na ni mpana. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani Moshi tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wenzake wa huku kwetu, miaka mitano kabla ya Maji Maji, na ndugu zake mpaka leo wanatafuta kichwa chake Ujerumani. Boma la Wajerumani lipo hapa hapa mjini, limekuwa makumbusho, watoto wanapita mbele yake kila siku wakitoka shule. Mwongozaji mwenye kufikiri angesimamisha Ngarambe na Moshi jukwaa moja, na mzee wa Old Moshi aliyekaa kiti cha nyuma angeelewa bila kuelezwa. Huo ndio uhuru ninaouelewa mimi. Alichofanya huyu ni kuchukua kazi ya mtu aliyekataa kupiga magoti, akampigisha magoti, halafu akauza tiketi.

Jumapili nilikwenda kuchukua kitabu changu. Nilikikuta juu ya spika, jalada limekunjwa, kuna duara la kikombe cha chai juu ya jina la mwandishi. Kurasa za mwisho zimepigwa mistari ya maka pen nyekundu kutoka juu mpaka chini, juu ya chapa na juu ya maandishi yangu. Kuna mahali niliandika nikiwa na miaka 23, mwaka nilioanza kufundisha, swali nililojiuliza kuhusu Kitunda. Silioni tena. Ukurasa mmoja haupo kabisa. Mbunifu wa jukwaa akaniambia nisijali, vitabu hivyo vinapatikana mtandaoni.

Na kwenye kijitabu chao, ukurasa wa tatu, jina langu lipo. Mshauri wa lugha na utamaduni. Utamaduni! Wazazi wawili wameshaniuliza kama mimi ndiye niliyeshauri yale mavazi.

Kwa hiyo nasema hapa hadharani, kwa kuwa simu zangu hazipokelewi. Jina langu litoke kabla ya onyesho la Jumamosi. Wanafunzi 38 warudishiwe hela zao, kwa sababu tangazo lililobandikwa shuleni lilisema wataona Kinjeketile na hawakuiona. Vijana walipwe posho yao yote wiki hii. Na mkiendelea na huo mwisho wenu, badilisheni jina la mchezo, uiteni mnavyotaka, msimtumie Ebrahim Hussein kuvutia shule.

Wenye uzoefu na mambo ya hakimiliki humu, naomba mwongozo. Mtu akibadilisha mwisho wa tamthiliya ya mwandishi na kuionyesha kwa kiingilio bila ruhusa, malalamiko yanapelekwa wapi? COSOTA, wale wanaosimamia hakimiliki Tanzania, wanapokea kutoka kwa mtu ambaye si mwandishi wala ndugu? Na kama kuna mwalimu mwingine wa Arusha au Moshi aliyeandikiwa barua ya kuleta shule yake Jumamosi, tafadhali anitafute kabla hajachangisha watoto.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Mtu wa kikundi amenipigia baada ya kuuona uzi huu. Posho za vijana anasema zitatoka Alhamisi, nitawauliza wao wenyewe. Hela za wanafunzi hakuna. Jina langu anasema litaondolewa kwenye vijitabu vitakavyochapwa baadaye, ila vilivyokwisha kuchapwa vipo maboksi mawili na vitagawiwa Jumamosi kama vilivyo. Nimemwambia Jumamosi nitakuwepo mlangoni kuanzia saa 9 na kalamu yangu, nitafuta kimoja kimoja. Yule binti ameomba kuja kunisaidia.