Bima italipia kipimo cha mapafu cha baba? (Louisville, Kentucky)

Mwana wa Kigoma:
Salaam ndugu zangu. Baba ana miaka 63, ana bima ya kazini, anapakia mizigo kwenye ghala. Alianza sigara 1977 kule Kigoma, akaacha 2012. Hakohoi wala hana maumivu. Daktari alimuuliza alivuta pakiti ngapi kwa siku, mzee akajibu, "Sikuwahi kununua pakiti." Ni kweli, alinunua moja moja dukani. Daktari akaandika kwamba si mvutaji, tukarudi nyumbani. Nasikia sheria inailazimisha bima ilipie CT ya mapafu, ile picha ya kutafuta saratani mapema. Inamhusu? Mzee anaogopa bili kuliko ugonjwa.

Mama Baraka:
Mwanangu, mfikishie mzee salamu zangu. Mimi ni mkalimani hospitalini na habari ya sigara za moja moja naikuta sana kwa wazee wetu. Kaeni mhesabu kwa siku: ya chai ya asubuhi, za kazini, za jioni barazani. Pakiti ni sigara 20. Tuseme alivuta 12 kwa siku kwa miaka 35: zidisha, gawa kwa 20, unapata "pakiti-miaka" 21 (pakiti moja kwa siku kwa mwaka mzima ni 1). Kinachotakiwa ni angalau 20, umri 50 hadi 80, na awe bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15. Mzee anaingia, ila mlango wake unafungwa 2027.

Kabla ya 2021 walitaka 30, na umri kuanzia 55. Watu weusi wengi huvuta chache kwa siku lakini wanaugua vilevile, wakawa wanaachwa nje. Sasa bima nyingi za kazini lazima zilipie kipimo hicho chote, kila mwaka, mradi hospitali iwe kwenye mtandao wao, yaani ina mkataba nao. Rudini faili lisahihishwe, maana bima inasoma kilichoandikwa.

Dereva wa Dayton:
Kaka, ulizia na kipimo cha pili. Mke wangu walimwona kidoa mapafuni, wakamwita tena baada ya miezi kadhaa. CT ile ikahesabiwa ya kufuatilia tatizo, si ya kinga, bili ikatujia sisi. Kidoa hakikuwa saratani, alhamdulillahi, lakini deni tulilipa kidogo kidogo.

Mama Baraka:
Hapo ndipo sheria inaponiuma. Utafiti mkubwa wa 2011, wa watu zaidi ya 53,000, ulionyesha CT hii inapunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa 20% kuliko eksirei ya kawaida. Basi kwa nini mtu alipiwe kuonekana kidoa, halafu asilipiwe kujua kidoa ni nini? Na ile miaka 15: Shirika la Saratani la Marekani liliiondoa kwenye mwongozo wake 2023, lakini bima hazifungwi na mwongozo huo. Uliwasilishwa pia mswada Bungeni Washington ili Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ilipie kipimo hiki katika kila jimbo. Mwenye uraia ampigie mbunge wake simu, hasa hapa Kentucky, tunaoongoza nchi nzima kwa ugonjwa huu.

Mzee akianza kukohoa damu au kukonda, msingoje kipimo cha mwaka. Nendeni siku hiyohiyo.

Mwana wa Kigoma:
Asante mama, asante kaka. Mama yangu ndiye aliyekuwa akitoa hela za dukani, anasema sigara hazikupungua 15 kwa siku. Tumepata miadi Alhamisi, na nimeomba mkalimani.