Tupeane uzoefu: Unayesoma riwaya za vijana na pia vitabu vya wasomi wa maandiko, ulifikaje huko?

Msomaji wa Umoja (mwanzilishi wa mada)

Hamjambo wadau. Natafuta watu wanaosoma vitabu ambavyo wengi huona haviwezi kukaa rafu moja: hadithi za urafiki wa wanafunzi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine vitabu vizito vya wataalamu wa Biblia, Kurani na dini za asili. Ulianza na vipi? Kimoja kilikusaidiaje kusoma kingine? Na hapa Nairobi unavipata wapi?

Nianze mimi. Katika shule ya msingi nilimsoma Moses wa Barbara Kimenye, yule mvulana wa bweni asiyeishiwa na visa, mpaka jalada likabanduka. Kisha binamu yangu akaniletea vitabu vya Ann M. Martin kuhusu wasichana wa Marekani wanaoendesha klabu ya kulea watoto wa majirani. Mfululizo huo ulianza 1986, na kilichoninasa ni kwamba msimulizi hubadilika. Katika kitabu cha kwanza anasimulia Kristy, na rafiki yao mgeni, Stacey, anaonekana msichana wa visingizio kila peremende zinapoletwa. Kumbe ana kisukari na hataki wenzake wajue. Ukifika kitabu cha tatu, Stacey anasimulia mwenyewe, na yule uliyemdhania mwenye maringo unamkuta ana hofu tupu.

Miaka ikapita. Kanisani tukaanza kikundi cha kujifunza Biblia, na mmoja wetu akaleta kitabu cha msomi kuhusu Injili nne. Tulipofika Yesu anapowafukuza wafanyabiashara hekaluni, tukaambiwa tulinganishe. Marko analiweka tukio hilo sura ya 11, siku chache kabla ya kusulubiwa. Yohana analiweka sura ya 2, mwanzoni kabisa. Wenzangu walinyamaza, wawili wakakasirika. Mimi swali la kuuliza nilikuwa nalo tayari, nimelibeba tangu utotoni: huyu anamsimulia nani, na kwa nini ameona jambo hili likae hapa? Baadaye nikagundua kwamba wasomi wameandika rafu nzima za vitabu juu ya swali hilo hilo.

Ndiyo maana huniuma nikisikia mtu mzima anamwambia mtoto aweke hadithi chini ashike "vitabu vya maana". Karibuni.

Kijana wa Pangani

Asalaam aleikum dada. Mada nzuri, lakini mimi nina neno.

Mimi nimepitia njia ya kinyume. Nimelelewa madrasa, vitabu vya hadithi za vijana nikavijua ukubwani kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa hataki kusoma peke yake. Madrasa tulifundishwa kwamba hadithi ya Mtume (S.A.W.) ina sehemu mbili: isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana, na matini, yaani maneno yenyewe. Imamu Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi hizo, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870 Miladia), hakutazama maneno peke yake. Alichunguza pia ni nani kasikia kwa nani, kama waliwahi kukutana, na kama msimulizi alijulikana kwa ukweli na kumbukumbu. Wanachuoni wa fani hiyo humtenga mwongo na mtu mkweli ambaye kumbukumbu yake ilidhoofika uzeeni. Huo ni uadilifu mkubwa kwa watu ambao hawapo tena kujitetea.

Sasa, riwaya za mdogo wangu karibu zote zinasimama juu ya uvumi. Fulani kaambiwa na fulani kwamba rafiki yake kamsengenya, urafiki unavunjika. Nilimfundisha kuchora mlolongo: nani alisikia, nani aliongeza? Alifurahi mno. Akawa anagundua aliyeharibu kabla mwandishi hajasema.

Neno langu ni hili. Kitabu cha dini si riwaya. Kutumia jicho lile lile ni sawa, kukishika kwa mkono ule ule siyo. Mimi Kurani naishika nikiwa na udhu, na usomi wangu unaanzia hapo.

Msomaji wa Umoja

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimekupokea, na sikupingi. Sikusema Injili ni riwaya. Nilisema msikilizaji aliyezoea kusikia sauti nyingi hashtuki akizikuta nyingi. Lakini hilo la isnadi na uvumi wa shuleni umenifungua macho.

Swali: tafsiri ya Kiswahili unasoma ipi?

Kijana wa Pangani

Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ilichapishwa hapa hapa Nairobi 1969. Kabla yake kulikuwa na ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, ya 1923, na ya Waahmadiyya, jumuiya inayojiita ya Kiislamu lakini Waislamu wengi hawaikubali, ya 1953, nayo ya Nairobi. Nimepata kuziona zote tatu mezani kwa mwalimu wangu. Yeyote anayependa usomi azitazame tanbihi za al-Farsy, yaani maelezo ya chini ya ukurasa: huko ndiko anakowajibu waliomtangulia, na hawabembelezi. Aya ni ile ile, lakini chini ya ukurasa wanaume watatu wanabishana kwa Kiswahili.

Dereva wa Rongai

Mimi ni mfupi wa maneno. Nasoma stejini nikingoja gari lijae. Riwaya za vijana zinanifaa kwa sababu sura ni fupi, abiria wakijaa nafunga. Vitabu vya dini nasoma Jumatatu, siku yangu ya kupumzika. Vingi nimenunua kwa wale wanaotandaza chini katikati ya jiji, upande wa barabara ya Tom Mboya. Kile cha historia ya Agano la Kale nilikikuta chini ya rundo la vitabu vya hesabu.

Mstaafu wa Buruburu

Wanangu, nimewasoma wote, nami niwape yangu.

Baba yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja karibu na Banda Street. Kila siku alipita mbele ya maktaba ya McMillan, yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi 1958. Baba hakuwahi kuniambia "soma sana". Alinipeleka pale nikiwa mdogo, akanisimamisha kati ya vitabu, akaniambia nichague nikitakacho. Nikachagua hadithi ya wavulana na mbwa wao. Hakunikosoa.

Ukubwani niliingia kwa John Mbiti, mtoto wa Kitui, na kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alikiandika kwa Kiingereza, lakini alipotaka kueleza Mwafrika anavyouona wakati, alichukua maneno yetu, sasa na zamani. Alidai kwamba kwa mawazo ya jadi wakati hurudi nyuma kuelekea zamani, na kwamba ule ujao wa mbali karibu haupo. Nilibishana naye ukingoni mwa kurasa kwa kalamu ya risasi, maana bibi yangu alipanda miti ambayo alijua hataona matunda yake. Kisha nikamsoma Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, ambaye aliwakosoa wasomi wa aina ya Mbiti kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Nikaona raha ya usomi: watu wawili wanaoipenda Afrika kwa moyo wote, na hawakubaliani.

Lililonitikisa lilikuja nikiwa mzee wa kanisa. Nilisoma kwamba Marko 16:9–20 haimo katika kodeksi mbili kongwe, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikani. Humo Injili inaishia kwa wanawake kukimbia kaburini wakiwa na hofu. Sikulala vizuri. Nilimwendea mchungaji, mtu msomi, naye hakunikemea. Alinionyesha kwamba Biblia nyingi za sasa zenyewe hutia alama au tanbihi mahali pale, na kwamba wanaochunguza nakala kongwe ni watu walioumwa macho kwa kulinda neno moja moja. Tangu hapo naisoma Marko hadi aya ya 8, natulia, ndipo naendelea.

Mjukuu wangu aliye shule ya upili sasa hunikopesha riwaya zake. Ya mwisho iliisha ghafla, marafiki wawili hawajapatana. Alikuwa amekasirika: "Guka, huyu mwandishi hakumaliza!" Nikamfungulia Marko 16, nikamwonyesha aya ya 8. Tulizungumza mpaka chai ikapoa.

Msomaji wa Umoja

Mzee wetu, shikamoo. Nimeisoma mara mbili hii.

Mwalimu wa Makadara

Nafundisha Kiswahili shule ya upili huku Eastlands. Wanafunzi wangu wakisoma *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya 1996, hawanisumbui hata kidogo: wanamfuata mhusika mkuu, Kongowea, akimtafuta baba yake, nao wengine wanamtafuta wao. Taabu ni utenzi wa kidini. Nikiingia darasani na *Al-Inkishafi* wanaona ni mahubiri ya mtu wa kale wa kisiwa cha Pate. Nilipobadili nikaanza na swali la urafiki, darasa likaamka. Mshairi pale anazungumza na moyo wake mwenyewe, anaukanya kama mtu anavyomkanya rafiki mkaidi anayempenda, anauonyesha majumba ya matajiri yaliyobaki magofu. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, huyu anajisema." Basi, tukaendelea.

Maktaba ya hapa Makadara na ile ya Kaloleni zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa kushirikiana na kaunti. Nawapeleka huko.

Dada wa South B

Nina maswali mawili. Binti yangu ana miaka 13, anasoma hadithi za urafiki tu, na baba yake anataka zipigwe marufuku nyumbani hadi mitihani iishe. Pili, mimi mwenyewe nataka kuanza hivi vya wasomi lakini naogopa. Nianzie wapi?

Msomaji wa Umoja

Dada, msimnyang'anye. Mwambie baba watoto asome kimoja pamoja naye, amuulize: hadithi hii angeisimulia yule rafiki mwingine, ingekuwaje? Akijibu vizuri, hapo kuna ufahamu na insha kwa pamoja.

Wewe usianze na kitabu cha msomi. Fungua Marko na Luka mezani, soma kisa kimoja, mathalani cha Yesu kukataliwa Nazareti: Marko 6, kisha Luka 4. Andika kila tofauti unayoiona. Ukimaliza utakuwa na maswali yako mwenyewe, ndipo utafute kitabu kinachoyajibu. Tawi la maktaba ya taifa la Buruburu si mbali nawe.

Mstaafu wa Buruburu

Mlete na huyo binti Jumamosi. Mjukuu wangu huwa huko asubuhi, na ana vitabu vya kubadilishana.

Kijana wa Pangani

Na anayetaka ya al-Farsy, aulizie kwa wauza vitabu wa karibu na msikiti wa Jamia. Aombe ile yenye tanbihi kamili.